Vipindi vya Mchana

2 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo. Najua utasema tumepishana miaka michache tu na shikamoo zangu zinakuzeesha, lakini ipokee leo, mwenye haja haachi kuamkia. Hujambo? Goti linakutii au bado lina kiburi? Mimi mzima, ukiuacha mgongo.

Mama leo hajambo, kesho sijui. Upande wa kulia hauna nguvu, lakini mdomo uko vilevile. Kila nikiingia chumbani ananiuliza kama nimekula, hata kama nimetoka kumlisha dakika ileile na nikala naye sahani moja. Jana alikuulizia: "Yule mwenzio anayetafuna pilipili nzima nzima, bado anafundisha?" Nikamwambia bado, na pilipili bado anatafuna. Akacheka upande mmoja.

Ndugu zangu walikuja wakakaa kikao. Unavijua vikao vya ndugu: wa kusema ni wengi, wa kubaki hakuna. Walipoondoka nikaamua mwenyewe. Shule ikikaribia kufunguliwa nitakuja na mama, akae kwangu. Fundi cherehani, jirani yangu, amekubali kushinda naye asubuhi, kazi yake ataileta kibarazani. Shida ni mchana, maana mchana yuko kibandani kwake akipokea wateja.

Kwa hiyo nakuja kwako kwa magoti, wewe mwenye ratiba. Nipunguzie, dada. Nipe asubuhi peke yake, kengele ya chakula ikilia niwe nimeshika mkoba. Mwalimu mkuu hapendi ratiba za kujuana, najua, lakini huyohuyo Mzee wetu wa Mihuri kwako huwa anagonga mhuri kwanza, kusoma baadaye, na hiyo baadaye haijawahi kufika.

Huku simu haishiki mpaka upande mlima, na mgongo huu haupandi hata ngazi. Jibu mpe kondakta wa basi la asubuhi, anapita mlangoni kwetu.

Mdogo wako.


8 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na unizeeshe tu, si ndiyo kazi yako. Goti linanitii asubuhi, jioni linakumbuka kuwa lina haki zake. Msalimie mama, mwambie mla pilipili yupo na meno bado yapo. Anakula? Analala? Usiniandikie "hajambo" tupu kama mtu anayejaza fomu, niandikie vizuri.

Nimeshinda shuleni wiki nzima. Nimepiga rangi madawati ya darasa la kwanza, mengine yana majina ya wazazi wa watoto watakaokuja kuyakalia, nikapaka juu ya majina nikaona vibaya. Nimebandika picha mpya ukutani. Watakuja wangapi, sijui. Tangu kiwanda kifungwe hakuna siku inayopita bila mzazi kuja kuomba uhamisho wa mtoto. Wanasimama mlangoni kama wana deni na mimi, nawaambia nendeni salama, mtoto hasomi akiwa na njaa. Tetesi ndizo zimebaki nyingi. Mara tutaunganishwa na shule ya ng'ambo ya barabara, mara tutafungwa kabisa. Mimi naendelea kupaka rangi. Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu huu, sitauanza kwa kusikiliza umbea.

Sasa sikia yako. Nimechora ratiba sakafuni kama kila mwaka, nikamwaga vizibo vyangu vya soda. Wewe ni bluu, mimi nyekundu, unajua. Vya bluu nimekuachia vya asubuhi tu, mchana huna hata kimoja. Sikutaka kumtwisha mwenzetu yeyote, mtu angeuliza, kwa hiyo vyako vya mchana nimevichukua mimi. Sasa sakafu ni nyekundu tupu kama mtu aliyekanyaga chupa. Nimenakili kwenye karatasi ya manila, Mzee wa Mihuri amegonga, imeshabandikwa ofisini.

Usinishukuru. Miaka yote ile nilipokuwa nafika kwenu na njaa, mama yako hakuniuliza nimetumwa na nani. Mlete.

Dada yako.


17 Desemba

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua yako ilifika, kondakta aliileta mkononi. Ahsante kwa asubuhi zangu. Nimeisoma mara nyingi, sehemu ile ya vizibo hasa.

Huku nyumba imejaa wageni, hakuna pa kukanyaga, na mimi ndiye wa kuchota maji na wa kuulizwa chumvi iko wapi. Ndiyo maana nimechelewa kujibu na ndiyo maana barua ni fupi. Yako mengine, lakini tutaongea tukionana.

Kama rangi imebaki, nipakie na mlango wa darasa langu.

Mdogo wako.


29 Desemba

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mama je? Katika barua yako hukuniambia habari zake hata neno moja, nikajua wageni walikuzidi. Niambie basi, mimi namwuliza yeye kabla ya kukuuliza wewe, usinune.

Nina jambo la kukuambia, na nimekaa nalo siku nyingi kuliko zinazofaa. Naandika salamu, nachana. Naandika tena, nachana. Leo nimeapa karatasi hii haichaniki.

Tarehe 18, siku moja tu baada ya wewe kuniandikia, walikuja watu wa ofisi ya elimu, afisa na msaidizi wake. Kuunganishwa si tetesi tena. Sisi na shule ya ng'ambo tunakuwa shule moja, na kila upande unatakiwa kutoa mwalimu mmoja wa ziada. Wa ziada anarudishwa ofisini, ofisi inampangia kituo cha mbali, na asipokwenda kazi imekwisha. Nikawauliza wanampataje huyo wa ziada. Afisa akainua kidole akaonyesha ratiba yangu ukutani. "Mwenye vipindi vichache," akasema.

Ni wewe, mdogo wangu.

Subiri, hayo si yote, na ingekuwa ndiyo yote ningekuandikia siku ileile. Afisa aliniuliza uso kwa uso: "Mwalimu, hii ndiyo kazi halisi ya kila mtu? Hakuna aliyepunguziwa kwa sababu zake?" Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa na nafasi ya kusema yupo mmoja, ana mgonjwa, nilimpunguzia kwa hiari yangu. Mzee wa Mihuri alikuwa ananitazama, na mhuri wake uko pale chini ya manila. Nikaogopa kuambiwa napanga ratiba za kirafiki uzeeni. Nikasema, "Ndiyo halisi."

Kisha afisa akahesabu vyangu kwa kidole. Akamwambia msaidizi wake, "Unaona? Mwalimu mkongwe huyu, na bado amebeba kuliko vijana. Mfano wa kuigwa." Nami nikatabasamu. Mdogo wangu, vipindi alivyokuwa anavisifu ni vyako. Mtu akiitazama ile karatasi atasema nilikuchimbia shimo na udongo wake nikajengea nyumba yangu. Sikukusudia, lakini nimeshindwa kujitetea hata mbele ya kioo. Neno "halisi" nalisikia nikichota maji, nalisikia nikila.

Kituo cha mbali, na mama safari ya kufika hapa tu itamtosha. Najua ninachokuandikia.

Nitukane ukitaka. Niandikie tu.

Dada yako.


3 Januari

Mwalimu,

Nimepokea barua yako ya tarehe 29.

Uliulizwa swali moja na jibu lake ulikuwa nalo. Angekuwa mtu wa ofisini ndiye aliyenikata nisingeumia hivi, wale kazi yao ni kukata. Lakini wewe umekula kwetu na kulala kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako, mama alikuwa anasema, na mimi nilikuwa nacheka nikidhani anasema watu wengine.

Siku zote zile umekaa kimya. Ningejua mapema labda ningekuja kujisemea mwenyewe.

Mlango wa darasa langu usiupake rangi. Na usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mwalimu mwenzako.


7 Januari

Mdogo wangu,

Umenikataza kuandika nami naandika, ongeza na hili kwenye makosa yangu. Umeniita "Mwalimu". Miaka yote hii sikujua kuwa neno hilo linaweza kuuma.

Kila ulichosema ni kweli. Sina la kupunguza. Nataka ujue tu nilichofanya juzi, kwa sababu kinakuhusu.

Nilivaa viatu vya kufungulia shule, vile vinavyonibana, nikaenda ofisi ya elimu. Nikakaa kwenye benchi na wenzangu wenye bahasha mpaka nikaitwa. Nikamwambia afisa, "Ile ratiba si halisi. Yule mwalimu ana mama mgonjwa, nilimpunguzia vipindi nikavibeba mimi. Ulipouliza nilikudanganya." Alinitazama kama ninavyomtazama mtoto anayekiri baada ya kila mtu kwenda nyumbani.

Akasema, "Mwalimu, ungeniambia siku ile ningeandika vingine. Sasa idadi imeshapelekwa juu. Mtu mmoja lazima apungue pale."

"Lazima awe yeye?"

"Mimi nimeambiwa mmoja. Sikuambiwa nani."

"Basi niandike mimi."

Akaacha kalamu. "Umebakiwa na mwaka mmoja. Kwa nini usiumalize kwa heshima?"

Nikamwambia heshima yenyewe ndiyo iliyonileta. Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumfafanulia. Akanipa karatasi ya kustaafu mapema, nikaijaza palepale, nikaipeleka kwa Mzee wa Mihuri. Hutaamini, aliisoma. Mara ya kwanza tangu nimfahamu amesoma kitu kabla ya kukigonga. Alipogonga mhuri haukuacha alama, wino umekauka, akaupulizia mvuke wa mdomo akagonga tena huku ananiepuka macho. Akasema, "Nani sasa atanipangia ratiba?" Huyo ndiye mwalimu mkuu wetu, hata kuaga hajui. Lakini sauti yake haikuwa ya utani.

Kwa hiyo kituo chako ni kilekile, darasa lako ni lilelile. Usinidhanie mtakatifu. Sikufanya kwa wema, nilifanya ili nipate kula chakula kikashuka. Na bado hakishuki vizuri. Nilipotoka pale nilipita darasa la kwanza, nikakaa kwenye dawati moja magoti yakagusa kidevu, nikalia kwa ajili yangu mwenyewe. Sijui kufanya kitu kingine, mdogo wangu. Tangu nikiwa msichana najua kufungua shule tu. Shule ikifunguliwa safari hii nitakuwa nimesimama wapi?

Basi, hayo ni yangu. Yako ni haya. Mlete mama. Nimechukua ufunguo kwa fundi cherehani nikafagia chumba cha nyuma. Kitanda changu kile cha mninga, kipana, nimemwita fundi seremala akakifungua tukakihamishia kwako, maana chako ni chembamba, akigeuzwa ataanguka. Tumekiweka karibu na dirisha, aone wanaopita, unajua anavyopenda kuona nani kavaa nini. Asubuhi atakuwa na fundi cherehani. Mchana nitakaa naye mimi, sina tena pa kwenda. Chukua vipindi vyako vyote bila wasiwasi.

Kama hutaki kunisemesha, usinisemeshe. Nitakuwa naondoka wewe ukiingia. Lakini usimnyime mama kwa sababu ya hasira yetu.

Dada yako.


10 Januari

Dada,

Kondakta amenikabidhi barua yako asubuhi hii na nimemwomba aichukue hii akirudi mchana. Sijui salamu gani ningekuamkia nayo. Nimejaribu shikamoo, mkono umekataa.

Mama hayupo. Alifariki tarehe 11 Desemba, asubuhi, nikiwa namfuta uso.

Barua yako ya vizibo ilinikuta tumetoka kumzika. Nilikuwa nimekaa chini na wanawake wa mtaani, kondakta akaja na bahasha, nikaisoma palepale. Wale wageni niliokuandikia ni wageni wa msiba. Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa kukuita. Ungepanda basi siku hiyohiyo. Cha pili kikaja mara moja nyuma yake: akija atajua kuwa mgonjwa hayupo tena, na vizibo vya mchana atavirudisha mahali pake, maana haja imekwisha. Na mimi, dada, nilivitaka.

Ngoja niseme mpaka mwisho. Nilikuwa nimechoka. Likizo zote nauguza, mihula yote nafundisha, mgongo huu hauponi kwa sababu haujawahi kulala. Nikafikiri: mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja wa kurudi nyumbani jua likiwa bado juu, nijitupe kitandani na viatu, mtu asinihitaji. Mama yangu amelala kaburini hata udongo haujakauka, na mimi napiga hesabu ya kulala mchana. Nikajiambia nitamwambia dada shule ikifunguliwa, ratiba ikiwa imeshazoeleka. Nikakuandikia ile barua fupi. Unajua sasa kwa nini ilikuwa fupi.

Ningekuita siku ile, ungeibadilisha ratiba siku ile. Afisa alikuja wiki iliyofuata. Angekuta vizibo vyangu viko sawa na vya wenzangu. Wewe uliulizwa ukasema "halisi", ni kweli, lakini uwongo uliokuwa ukutani ulikuwa wangu, wewe hata hukuujua.

Na uliponiandikia kuomba radhi nikakurukia. Nilifurahi, dada, Mungu anisamehe, nilifurahi kupata mtu wa kumlaumu. Nilikuandikia "kikulacho ki nguoni mwako" huku nikijua ni nguo ya nani na mdudu ni nani. Niliandika "mama alikuwa anasema", nikaogopa utagundua, nikasema na iwe. Hukugundua kwa sababu hukunidhania.

Sasa umejiondoa kazini kwa ajili ya mgonjwa ambaye hayupo, na umefungua kitanda chako. Nimefika kwenye mistari ya hicho kitanda nikashindwa kusoma, nikampa kondakta mgongo asinione.

Nitakuja Jumatatu niende ofisini kwanza kabla ya shuleni, nikawaambie waniandike mimi na wakurudishe wewe.

Mdogo wako, kama bado unanitaka.


12 Januari

Wewe,

Salamu utazikuta mbele, leo nimeanza na hasira.

Ofisini usiende. Nimeuliza kwa niaba yako, sikutaka ufanye ushujaa wa haraka kama nilioufanya mimi. Karatasi yangu imeshapelekwa na jina langu limefutwa. Ukienda ukajitoa na wewe, hawatanirudisha mimi, watakuondoa na wewe, na watoto wa darasa lako watafundishwa na ukuta. Utaingia darasani Jumatatu na utafundisha mpaka alasiri. Kazi hiyo nimekupa kwa mkono wangu na sirudi nyuma. Mwaka wangu nimeutoa, umekwenda. Nikiumia nitaumia taratibu, muda ninao.

Umechoka, ungeniambia umechoka. Ningekupa asubuhi peke yake hata bila mgonjwa, kwani mimi sijui mgongo wako? Hilo limeniuma, lakini hilo nitalisamehe. Nakuambia kweli, hata nilipolisoma nilipumua kidogo. Wiki tatu nimebeba hatia peke yangu, nikafikiri nikipata wa kugawana naye itapungua. Haikupungua. Zimekuwa mbili, na zote mbili naziona mchana kweupe.

La mama sijui nitalifanya nini. Tarehe 11 Desemba nilikuwa napaka rangi madawati naimba. Naimba, wewe! Mama aliyenilisha amefunikwa udongo na mimi naimba, na siku zote baada ya hapo nakuuliza anakula, analala. Ulikuwa unasoma maswali hayo ukijisikiaje? Sikumwosha. Sikumwona. Sikukaa chini na wale wanawake. Ulinificha upate mchana wako, chukua, mchana ni wako. Msiba haukuwa wako peke yako.

Nilikwenda kwako jana kukifungua kitanda nikirudishe. Nikalala juu yake.

Basi sikia. Usije Jumatatu. Njoo kesho na basi la kwanza. Usije na maneno ya kuomba radhi, ninayo yangu ya kutosha humu ndani na hayajaisha. Utaingia, utakaa chini na mimi, utanieleza yote tangu usiku ule mpaka asubuhi: alikataa kula lini, alisema nini mwisho, nani alimfunga kidevu, nguo gani mlimvika. Usiruke kitu. Nikikufukuza katikati, usitoke.

Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Lakini nataka kumlilia mama, na duniani hapa sina wa kulia naye ila wewe.

Hujambo? Mgongo je?

Dada yako.